Mvuvi wa Lamu naye ana la kufundisha kuhusu tabianchi

Simu zinazotufikia kuhusu somo la haki ya tabianchi ni za aina mbili. Walimu wanauliza watapata wapi picha ya Greta Thunberg, mwanaharakati kijana wa tabianchi kutoka Sweden, ya kubandika ukutani. Wazazi nao wanalalamika kwamba watoto wanafundishwa maandamano.

Wazazi, hapana. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya ya mwaka 2016 inataka suala hili liingizwe katika mtaala wa ngazi zote. Mwalimu haruhusiwi kuwapangia wanafunzi upande wa kuunga mkono; anaruhusiwa, tena anatakiwa, kuwaeleza nani anaumia na nani anaamua.

Walimu, picha ya Greta si kosa, lakini Afrika ina watu wake. Januari 2020 mwanaharakati Vanessa Nakate wa Uganda alipiga picha Davos, Uswisi, kwenye kongamano la uchumi wa dunia, na wenzake wanne wazungu, Greta akiwemo. Shirika moja la habari likaitoa picha hiyo likiwa limemkata yeye. Na huyo ndiye anayejulikana. Wa Lamu je?

Septemba 2016 NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, ilitoa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, huko Kwasasi, Lamu. Maji ya bahari yangevutwa kupoza mitambo, kisha yarudishwe baharini yakiwa na joto. Mvuvi hahitaji shahada kuuliza samaki watakwenda wapi. Wenyeji, chini ya muungano wao wa Save Lamu, walikata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira, linaloamua mizozo ya leseni kama hizi, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa.

Hapa wengi wanakosea: wanadhani ilifutwa kwa kuwa makaa ni machafu. Uzito mkubwa ulikuwa kwenye ushirikishwaji. Mikutano iliyofanyika ilikuwa ya utangulizi. Ripoti ya athari za mradi kwa mazingira ilipokamilika, wananchi hawakurudiwa ipasavyo. Kanuni zinadai mabango mahali pa wazi, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu. Baraza liliona pia kwamba Sheria ya Tabianchi haikuzingatiwa.

Rufaa hukatwa ndani ya siku 60 tangu uamuzi unaolalamikiwa. Si tangu tingatinga lifike shambani, kama tunavyoambiwa kila mara. Anayekwenda mahakamani chini ya Kifungu cha 70 cha Katiba, kinachohusu kutetea haki ya mazingira safi, halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Darasani, gawa nafasi: mmoja mvuvi, mmoja mwekezaji, mmoja ofisa wa leseni. Mvuvi aanze. Akianza ofisa, kipindi kizima kitaishia kwenye fomu, nami nasema hivyo nikiwa ofisa.

Anayetaka kumwalika mwanaharakati apitie kwa mwalimu mkuu na kuwajulisha wazazi kwa maandishi mapema. Mgeni akiwa mvuvi, asidaiwe slaidi. Apewe chaki na dakika zake arobaini.