Tundu la pili halijafa

Wiki hii ni mara ya tatu. Kijana katoka Pasua kwa bodaboda, kafika kwangu Majengo hapa Moshi, kaitua hamonika mezani: "Shikamoo mwalimu. Tundu la pili ukivuta halitoi. Nataka kununua yenye kitana cha chuma, hii ya plastiki imeshakufa." Kitana ni kile kipande cha katikati chenye matundu ya kupulizia. Nikaifuta, nikaweka mdomoni, nikavuta tundu la pili. G ikatoka, nene, imeshiba.

Yule kijana alikuwa ameshaanza kuchanga pesa za hamonika mpya. Ndiyo maana naandika.

Shika hamonika ya C ya matundu kumi. Puliza la tatu, kisha vuta la pili. Noti ni moja, G. Ikiwa la tatu linaimba na la pili linakoroma, basi unaikunja noti, yaani unaishusha, bila kukusudia: midomo imebana, ulimi umepanda, unavuta kwa pupa kama mtu anayenyonya maziwa mgando kwa mrija. Tundu la pili ukipuliza ni E, kwa hiyo G ya kuvuta ina nafasi ya kushuka hadi F. Wewe unakwama njiani, pasipo na noti. La tatu kulivuta ni gumu zaidi, kwa sababu ukivuta ni B na ukipuliza ni G, kwa hiyo lina nusu toni tatu za kukunja. Shusha taya, legeza koo kama unayetaka kupiga miayo, vuta la kwanza, la pili na la tatu kwa pamoja, polepole, kama unavyohema ukiwa umelala. Kisha sogeza midomo mpaka libaki la pili peke yake. Wengi linawatokea kabla chai haijapoa.

Sasa nije kwenye kitana, maana hapo ndipo ninapochoka. Watu wanabishana mbao, plastiki, alumini, kana kwamba kitana ndicho kinacholia. Kosa hili limetoka kwenye gitaa. Gitaa kavu lina ubao wa mbele unaotikiswa na nyuzi, na ubao huo ndio unaosukuma hewa, kwa hiyo mti wake una neno la kusema. Kwenye hamonika, kijilimi cha shaba, kile kibamba chembamba kinachotikisika ndani, kinafungua na kufunga njia ya hewa mara mamia kwa sekunde, na hewa hiyo iliyokatwakatwa ndiyo sauti. Kitana ni kuta tu. Chumba kinachobadilisha sauti ni kile kilicho nyuma ya midomo yako: ulimi, kaakaa, koo. Ukikunja noti ya tundu la tatu, vijilimi viwili vya tundu hilo vinashirikiana, na anayeviamuru ni umbo la mdomo wako. Hakuna duka linalouza umbo hilo.

Nimewahi kutoa mabamba ya vijilimi kwenye kitana cha mbao nikayafunga kwenye cha plastiki. Siku ya kwanza nilisikia tofauti kubwa, nikafurahi. Kisha nikakichukua kile cha mbao, nikakisugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka kikawa bapa kabisa, nikafunga tena. Tofauti ikaondoka. Nilichokuwa nasikia siku ile ni hewa iliyokuwa inavuja. Mpaka leo nikiwa peke yangu nachukua ya mbao, naipenda mdomoni. Mwenzangu akinifumba macho siitambui.

Kwa hiyo sisemi hamonika zote ni sawa. Hamonika ya kuchezea watoto, inayovuja pande zote, itakunyima kukunja noti hata uwe na mapafu ya mpiga tarumbeta wa harusi za Machame. Uvujaji ni jambo la kweli. Nafasi kati ya kijilimi na bamba ni jambo la kweli pia: ikizidi unamaliza pumzi bure, ikipungua noti inakabwa ukipuliza kwa nguvu. Mimi huanzia na nafasi inayokaribia unene wa ncha ya kijilimi chenyewe, kisha narekebisha kwa sikio. Yote hayo ni bisibisi ndogo na nusu saa ya subira. Hamonika iitwayo Marine Band inauzwa tangu 1896, kitana mti wa peasi, na Little Walter, yule gwiji wa hamonika ya blues, aliipuliza hiyohiyo kule Chicago.

Huku kwetu kuna mengine ya kuangalia kabla ya kulaumu kiwanda. Asubuhi za Julai, Kilimanjaro ukiwa umejifunika mawingu, hamonika ni ya baridi na pumzi ni ya moto. Unyevu unatuama kwenye vijilimi na noti inakwama. Ipashe moto viganjani kwanza. Masika, kitana cha mbao kisichopakwa kitu kinavimba, meno yake yanachomoza na kukuchubua ulimi. Kiangazi ni vumbi: usiiweke mfukoni bila kasha.

Kuna jambo moja linaniuma. Mwaka jana nilimwambia dada mmoja wiki mbili mfululizo kwamba tatizo ni mdomo wake. Tundu la nne la kuvuta lilikuwa likishuka kila siku kidogo, naye alilia karibu aache. Nilipofungua kifuniko nilikuta kijilimi kina ufa kwenye shina. Shaba ilichoka, na noti ikashuka, kama inavyotokea kwa vijilimi vinavyopulizwa sana. Nilikuwa nimesema "ni wewe" mara nyingi kwa wengi hata nikaacha kusikiliza. Nilimwomba radhi, nikambadilishia bamba.

Tangu siku ile, mtu akiniletea hamonika naipuliza mimi kwanza, tundu kwa tundu, kabla sijasema neno. Yule kijana wa Pasua naye nilifanya hivyo. Kisha nikamrudishia ile ya plastiki, akashusha taya, akavuta.

"Hee!" akasema, akavuta tena.