Wazee wetu Dodoma wasaidiwe hata Februari

Krismasi na Idi zinapofika, makanisa na misikiti mingi hapa Dodoma hupeleka mchele, sukari, mafuta na sabuni kwa wajane na wazee. Ni jambo jema, na nisingependa lipungue hata kidogo. Ila sisi tunaofanya kazi ya ustawi wa jamii katika taasisi za dini tunapaswa kujiuliza: mzee yule anakula nini Februari?

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Mtama na uwele huvunwa kuanzia Mei. Kwa hiyo Januari hadi Machi akiba ya chakula imekwisha au inaelekea kwisha, na ndiyo miezi hiyohiyo ya kulima na kupalilia. Kaya yenye vijana huvuka kwa vibarua: asubuhi wanalima shamba la mtu, jioni unga unapatikana. Bibi wa miaka 75 anayelea wajukuu watatu afanyeje? Akijikongoja kwenda kibaruani, shamba lake linamezwa na magugu, na njaa ya mwaka huu inazaa ya mwaka ujao.

Makanisa mengi hupokea sadaka ya mavuno, kisha huinadi siku ileile baada ya ibada, wakati bei ya nafaka iko chini kabisa. Nashauri sehemu ya mtama huo isinadiwe. Ikaushwe vizuri, iwekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili wadudu wasiishambulie, ipangwe juu ya chaga za mbao, ifunguliwe Januari. Mlenda mkavu nao unahifadhika. Kwa ndugu zetu Waislamu, zakatul-fitri ina wakati wake na haisogezwi, lakini sadaka za kawaida zinaweza kupangwa zifuate miezi ya njaa. Tena si chakula tu. Jumamosi moja ya vijana wa kwaya au wa madrasa kupalilia shamba la mzee, kwa maoni yangu, ina faida kuliko kilo tano za mchele.

Kuna msaada mwingine usiohitaji ghala. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na mzee asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Wengi hawana kitambulisho cha kuthibitisha hilo kwa sababu hakuna aliyewafuatilia kwenye ofisi ya kijiji na halmashauri. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kusaidiwa na cheti cha ubatizo au, kwa Mwislamu, cheti cha falaki kuonyesha umri wake. Vivyo hivyo TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya masikini: kaya hizo hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji, na mzee asiyeweza kutembea hayupo mkutanoni. Jumuiya inayomtembelea kila wiki ndiyo imsemee.

Macho yasisahauliwe. Wazee wengi huamini kutoona vizuri ni uzee tu, kumbe mara nyingi ni mtoto wa jicho, na upasuaji unamaliza tatizo. Hospitali ya Mvumi, ya Kanisa Anglikana, imejulikana kwa miaka mingi kwa huduma za macho. Bibi akiona tena, mjukuu aliyekuwa akimshika mkono kutwa anarudi shuleni.

Haya yote yanahitaji daftari la kaya: nani yuko kitandani, nani analea yatima, nani hana kitambulisho. Liandikwe bila kubagua dini, na picha za anayepokea msaada zisisambazwe kwenye makundi ya simu. Mzee ana heshima yake. Kisha viongozi wa kanisa na wa msikiti wakae pamoja na afisa ustawi wa jamii, walinganishe orodha zao, ili kaya moja isipate mara tatu na jirani yake akakosa kabisa.