2,147,483,647: namba tasa ya bilioni mbili na ushee

Namba hii ni 2³¹ − 1: unachukua 2, unaizidisha hadi kipeo cha 31, kisha unatoa 1. Tuseme mama muuza makala (mkaa) hapa Birere, Goma, anaweka faranga 1 tarehe 1 Januari, kesho yake 2, keshokutwa 4, kila siku mara mbili ya jana. Mwezi ukiisha atakuwa na faranga 2,147,483,647 kamili. Kwa noti za 20,000, hizo ni noti zaidi ya 107,000.

Sifa yake kubwa ni kwamba ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba tasa za umbo hili huitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, na hii ni ya nane. Umbo peke yake halitoshi. 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89.

Aliyethibitisha kuwa ni tasa ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, kwa mkono. Hapa ndipo panaponipendeza kuliko pote. Kwa kawaida ungejaribu kuigawa kwa kila namba tasa hadi 46,340, karibu na kipeuo chake cha pili, nazo ni maelfu. Euler alionyesha kwamba kigawanyo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Namba za kujaribu zikapungua hadi chini ya 400, na hata kati ya hizo nyingi si tasa, kwa hiyo unaziruka. 63 ni 7 × 9, iache. 249 ni 3 × 83, iache. Ya kwanza inayostahili ni 311. Chukua simu yako ujaribu: 311 × 6,905,092 ni 2,147,483,612, linabaki 35. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na hakuna inayoigawa. Mwanafunzi wa sekondari mwenye subira anaweza kuirudia kazi yote, na ningependa wengi wajaribu.

Ukiizidisha kwa 2³⁰ unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe.

Kwenye kompyuta, namba hii ndiyo kikomo cha hesabu za biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1): biti moja huonyesha alama ya chanya au hasi, 31 zinazobaki zote zikiwa 1. Mifumo mingi ya zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, kwa saa za dunia. Kwa saa za Goma, hesabu hiyo itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 11 na dakika 14 alfajiri, sekunde ya 7. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaruka nyuma hadi Desemba 1901. Dawa yake ni kuhesabu kwa biti 64, na simu nyingi mpya tayari zinafanya hivyo.