Mimi sili nguruwe, tegu wake atanipataje?

Tegu wa nguruwe ni mdudu gani?

Ni mnyoo bapa kama utepe, anayeishi kwenye utumbo wa binadamu na kufikia urefu wa mita 2 hadi 7. Humpata mtu aliyekula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya lava, yaani tegu wachanga, vyeupe, vyenye maji ndani, ukubwa wa njegere. Wengi wenye tegu hawaumwi chochote, ila huona vipande vyeupe kwenye choo kikubwa. Mwaka 2012 wataalamu walioitwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na ya afya (WHO) walipanga vimelea 24 vya chakula kwa uzito wa madhara yake, na huyu akashika nafasi ya kwanza. Kilichompa nafasi hiyo si maumivu ya tumbo, ni kinachotokea kwenye ubongo.

Sili nguruwe kabisa. Linanihusu?

Linakuhusu, na hapa ndipo watu wengi hupotoshwa. Nyama humpa mtu tegu tumboni. Vifuko vya ubongoni havitoki kwenye nyama, vinatoka kwenye mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka na kinyesi cha binadamu. Mwenye tegu asiponawa vizuri atokapo chooni, kisha akakata kachumbari, anaweza kuwalisha mayai watu wote wa nyumba, yeye mwenyewe akiwemo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jijini New York, Wayahudi wanaoshika sana dini yao, wasiogusa nguruwe, walipata degedege kwa sababu hii. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka Amerika ya Kilatini. Naomba asilaumiwe mtu hapo: mwenye tegu kwa kawaida hana habari kwamba anaye.

Yanafikaje ubongoni, na kifafa kinatoka wapi?

Yai likimezwa huanguliwa, lava hupenya utumbo na kusafiri na damu hadi kwenye misuli, macho au ubongo. Huko hujifunga kwenye kifuko na kukaa kimya, hata miaka. Kifuko kinapoanza kufa, mwili hukishambulia, ubongo huvimba mahali hapo, na mtu huanza kuanguka. WHO inakadiria kuwa palipo na tegu huyu kwa wingi, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwa njia hii.

Bado kuna vijiji ambako aliyeanguka huachwa hata motoni kwa hofu ya povu lake. Povu haliambukizi kifafa! Msogeze mbali na hatari, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni.

Nguruwe naye anaambukizwaje?

Kwa kula kinyesi cha watu. Ndiyo maana tatizo ni kubwa pale nguruwe wanapoachiwa wazurure na vyoo ni vichache, kama ilivyoonekana katika wilaya za Mbulu na Mbozi, Tanzania. Banda na choo humvunjia tegu njia. Wanunuzi hukagua ulimi wa nguruwe kutafuta vifuko, lakini asiye na vifuko ulimini anaweza kuwa navyo nyamani. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ikaangwe hadi ndani isibaki na wekundu.

Dawa zipo?

Tegu wa tumboni hutibiwa kwa niklosamaidi au prazikwanteli. Kama umewahi kuanguka, au kichwa kinauma sana bila sababu inayojulikana, usijinunulie dawa ya minyoo dukani: ikiua vifuko vya ubongoni ghafla, uvimbe unaweza kuhatarisha maisha. Hospitali hupiga picha ya ubongo kwanza, na hutoa dawa ya kuzuia uvimbe.

Kwa nini watafiti wa nchi nyingi washirikiane?

Kwa sababu daktari humwona mwenye kifafa, bwana mifugo humwona nguruwe, na mwenye tegu haonwi na yeyote. Mtandao wa CYSTINET-Africa uliwaunganisha watafiti wa Tanzania, Zambia, Msumbiji na Ujerumani, wa afya ya watu na wa mifugo, kufuatilia mzunguko mzima. Kwamba unakatika, Peru wameonyesha: mkoani Tumbes, katika vijiji 107, walitibu watu, wakatibu nguruwe na kuwachanja kwa wakati mmoja, na maambukizi yakakoma karibu vijiji vyote.