Tunamchunga Aliyetoka Chuo cha Mafunzo, Tumemsahau Aliyekaa Barazani

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, simu zetu huanza kupokea sauti zile zile. Mtu asiyejitaja jina anasema kuna gari inazunguka Ng'ambo, hapa mjini Unguja, kuchukua watoto. Mwengine anasema kuna mtu alifungwa kwa kubaka, katoka juzi Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, kaonekana karibu na viwanja vya sikukuu. Ujumbe unamalizika kwa "watumie na wenzako". Ikifika sikukuu mosi, mama aliyekwisha kumshonea mwanawe gauni anasita kumtoa nje.

Nafanya kazi ya hifadhi ya mtoto, na kila mwaka wakati kama huu wazazi huniuliza: kwa nini majina ya wote waliowahi kufungwa kwa udhalilishaji wa kingono yasibandikwe kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kama wafanyavyo Marekani, ili tujue ni nyumba gani mtoto asiikanyage siku ya sikukuu? Swali ni la haki, na anayeuliza ni mzazi anayempenda mwanawe. Nataka kulijibu kwa urefu, kwa sababu jibu lake linatufikisha mahali ambapo wengi wetu hatupendi kufika.

Tuanze na huko Marekani kwenyewe. Mwaka 1994, katika jimbo la New Jersey, mtoto wa kike wa miaka 7 aliuawa na jirani aliyewahi kufungwa kwa makosa dhidi ya watoto. Wazazi wake hawakuwa na habari za nyuma za jirani huyo. Nchi nzima ilihuzunika, na mwaka 1996 ikapitishwa sheria ya taifa inayoitwa kwa jina la mtoto yule, Megan, ya kuwajuulisha watu kuhusu wakosaji wanaoishi karibu nao. Majina yakawekwa kwenye daftari, baadaye kwenye intaneti, pamoja na picha na anuani.

Wamarekani nao wana siku yao ya watoto, tarehe 31 Oktoba, wanaiita Halloween. Watoto huvaa mavazi ya vinyago na kupita mlango kwa mlango kuomba peremende. Haiko mbali na watoto wetu wanavyopita kwa ami, kwa shangazi na kwa majirani kutafuta pesa za sikukuu. Wazazi wa huko waliingiwa na hofu hii hii yetu, nayo ikageuka sheria. Jimbo la Missouri lilipitisha mwaka 2008 sheria ya kumtaka kila aliyemo kwenye daftari ajifungie ndani jioni ile, azime taa za nje na abandike tangazo kwamba hapa hakuna peremende. Katika wilaya moja ya jimbo la Georgia, mwaka 2018, polisi walikwenda kusimika mabango mbele ya nyumba za watu hao, hadi mahakama ya rufaa ikaamua mwaka 2022 kwamba jambo hilo linavunja haki zao za kikatiba.

Je, watoto walisalimika zaidi? Watafiti wanne walilichunguza suala hilo na kutoa matokeo mwaka 2009. Walichukua kumbukumbu za polisi kutoka majimbo 30, kuanzia 1997 hadi 2005: makosa ya kingono zaidi ya 67,000 waliyofanyiwa watoto wa miaka 12 kushuka chini na watu wasio wa familia zao. Siku ya Halloween haikuwa na makosa mengi kuliko siku nyengine. Haikuwa hivyo kabla ya sheria hizo kuenea, wala baada yake. Polisi waliokuwa wakigonga milango ya watu wa daftarini walikuwa wanailinda jioni ambayo, kwa jambo hilo, haikuwa na hatari ya ziada.

Hatari ya ziada ilikuwa barabarani. Uchunguzi mwengine wa Marekani, uliopitia ajali za miaka 42 kutoka 1975, ulikuta kwamba jioni ya Halloween uwezekano wa mtu anayekwenda kwa miguu kugongwa na kufa unapanda kwa asilimia 43, na kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 unapanda mara kumi. Watoto wengi wako nje, kiza kimeingia, madereva wana haraka. Hofu ilikuwa imeelekea mlangoni kwa mtu, na gari ikapita nyuma.

Kuna na jengine ambalo kila nikilikumbuka hunitia simanzi. Wazazi wa Marekani wanaogopa pia kwamba watu wasiojulikana watawatilia watoto sumu kwenye peremende. Tukio lililoshindilia hofu hiyo ni la Texas mwaka 1974, mtoto wa miaka 8 alipokufa kwa sumu iliyokuwamo kwenye peremende ya Halloween. Aliyeitia alikuwa baba yake mzazi, kwa tamaa ya pesa za bima ya maisha aliyokuwa amemkatia mwanawe.

Sasa turudi kwenye daftari lenyewe. Linaweza kumuonesha aliyekwisha kukamatwa na kuhukumiwa tu. Watafiti wa jimbo la New York walizipitia kesi za miaka 21, kutoka 1986 hadi 2006, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 95 ya waliokamatwa kwa makosa ya kingono hawakuwahi kuhukumiwa kwa kosa kama hilo kabla. Kwa maneno mengine, hata mzazi angelihifadhi daftari zima kwa moyo, katika kesi 100 asingeweza kuwatambua hata watano. Na waliokwisha kufungwa je? Watu hudhani wote watarudia. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2005, uliokusanya tafiti 82 na wakosaji zaidi ya 29,000, ulikuta kwamba waliogundulika kurudia kosa la kingono ndani ya miaka mitano au sita walikuwa chini ya 14 katika kila 100. Hao si wachache wa kupuuzwa, maana kila mmoja ana mtoto aliyeumizwa nyuma yake. Kwa hiyo sisemi hata kidogo kwamba aliyetoka Chuo cha Mafunzo kwa kosa la kumdhalilisha mtoto apewe darasa la kusomesha au kazi ya kupeleka watoto skuli. Hilo hapana. Ninalosema ni kwamba ukimtazama yeye peke yake, umewapa mgongo wale wengine wote.

Na hao wengine ni nani? Marekani, takwimu za serikali yao za mwaka 2000 zilionesha kwamba watoto 93 katika kila 100 waliodhalilishwa na kuripotiwa polisi walikuwa wanamjua aliyewafanyia. Kwetu, kila anayekaa kwenye kiti cha ofisi ya ustawi, Unguja au Pemba, anawajua kwa sura: jirani, binamu mkubwa, mume wa shangazi, mwalimu wa tuisheni, ustadhi wa chuo cha Kurani, kijana wa bodaboda aliyeaminiwa kumpeleka mtoto skuli kila asubuhi. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa kila mwezi idadi ya matukio ya udhalilishaji yaliyoripotiwa, na mwezi hadi mwezi walio wengi ni watoto, na katika watoto wengi ni wa kike.

Hapo pia pana jambo. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009 uliihesabu Zanzibar kivyake, na uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 kwa faragha. Karibu msichana 1 katika 20 alisema alifanyiwa udhalilishaji wa kingono kabla ya kutimia miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu 1 katika 10. Wavulana waliwazidi wasichana, na wao ndio wachache katika wanaoripotiwa. Tunamwambia binti asichelewe, na kaka yake wa miaka kumi tunamwacha azunguke mpaka saa nne usiku, tena na watu wazima, kwa sababu "huyo mwanamme".

Nije kwenye sikukuu zetu. Uwanja wa Mnazi Mmoja au Kariakoo kwenye pembea, hapa mjini Unguja, au Tibirinzi kule Chake Chake, Pemba, una watu maelfu, taa, wauza malai na ubuyu, polisi na akinamama kila upande. Mtoto anaweza kupotea pale, kuibiwa pesa zake za sikukuu, au kugongwa akivuka barabara. Lakini mahali penye macho mengi kiasi hicho ni pagumu kwa mwenye nia chafu. Pepesi kwake ni nyumbani, kulikojaa wageni. Familia imetoka mjini kwenda shamba, au imevuka kutoka Unguja kwenda Pemba. Watoto kumi na mbili wamelazwa kwenye mikeka katika chumba kimoja, wakubwa na wadogo, na vijana waliorudi usiku kutoka viwanjani nao wanajitupa hapo hapo. Watu wazima wako nje barazani wanazungumza. Hakuna aliyehesabu nani amelala wapi, na hakuna anayeona vibaya, kwa sababu sote ni ndugu. Nasema haya kwa mapenzi ya mikusanyiko hiyo, maana na mimi nimelelewa ndani yake. Lakini nyingi katika simulizi ninazozisikia baada ya sikukuu zimeanzia kwenye chumba kama hicho.

Kisha linakuja neno ambalo hapa Visiwani halihitaji kufasiriwa: muhali, ile haya ya kumchukulia hatua mtu wako. Mtoto amesema. Mama amesikia. Baba ameambiwa. Wazee wanakaa. Mmoja anasema huyu ni mtoto wa dada yangu. Mwengine anauliza posa za dada zake zitakuwaje. Mwengine anasema jambo likitoka nje aibu itakuwa yetu sote, na mtoto mwenyewe ndiye atakayeharibikiwa, bora tumsitiri. Kinacholetwa ni msamaha, pengine na pesa kidogo, na ikiwa binti ameshavunja ungo inatajwa ndoa. Kesi ikiwa imeshafika polisi, shahidi haonekani siku ya kusikilizwa, au mtoto amesafirishwa kwa jamaa Dar es Salaam. Mahakama maalum ya kesi hizi tunayo tangu 2021, lakini hakimu hawezi kumhukumu mtu kwa ushahidi uliofungiwa ndani ya nyumba.

Ile hofu ya mgeni na huu muhali zinashikana mikono. Tukishajichorea kwamba mdhalilishaji ni mtu wa macho mekundu aliyetoka gerezani, basi siku mtoto anapomtaja ami yake, mpole, anayesali safu ya mbele na kugawa pesa za sikukuu kuliko wote, tunamwona mtoto ndiye mwongo. Tumekwisha kuamua sura ya mwovu, na ami hafanani nayo. Mtoto anaijua hukumu hiyo kabla hajafungua mdomo, kwa sababu amekulia humo. Wengi hukaa nalo hadi utu uzima.

Na wapo wanaoumia kwa hofu hiyo hiyo upande wa pili. Mvuvi wa dago, kambi ya wavuvi, aliyetoka kisiwa kingine, mtu mwenye maradhi ya akili anayependa kucheza na watoto, mpita njia aliyesimama kumuuliza mtoto njia: hao ndio wanaopigiwa kelele za "mwizi wa watoto". Ujumbe wa simu usio na jina la mtu, jina la kituo cha polisi wala tarehe, usiupeleke mbele. Kama kweli umeona kitu, mwambie sheha au polisi.

Basi sikukuu hii mtoto atoke. Avae nguo yake mpya, aende kwa jamaa, apande pembea. Mdogo aende na mkubwa mnayemwamini, wawe wengi, na wakati wa kurudi ujulikane kwa mvulana kama kwa msichana. Barabarani ashikwe mkono. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa watu wa miaka 5 hadi 29 ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua. Mfundishe namba ya simu ya mzazi kwa moyo, na muelewane mapema mahali pa kukutania akipotea uwanjani. Usiku, nyumba ikijaa wageni, mama mmoja achukue jukumu la kujua nani analala chumba gani: wadogo peke yao na mtu mzima wa kike, vijana wakubwa chumba chengine. Watu watanung'unika siku ya kwanza. Waacheni wanung'unike.

Mwambie pia mtoto, kwa lugha anayoielewa, kwamba mwili wake ni wake, kwamba anaweza kukataa kupakatwa au kubusiwa hata na jamaa, na kwamba mtu mzima akimwambia "hii siri yetu, usimwambie mama", hiyo ndiyo ya kuja kumwambia mama. Kisha usimkasirikie atakapokuja.

Na akija, msikilize mpaka amalize. Usimuulize mara kumi, usimwite mtuhumiwa waje kusemeshana mbele yake. Usimkoshe wala usifue nguo alizovaa. Zitie kwenye mfuko wa karatasi uende nazo. Mpeleke siku hiyo hiyo kituo cha Mkono kwa Mkono, hospitali ya Mnazi Mmoja kwa walio mjini Unguja, Chake Chake kwa Pemba, na katika hospitali nyengine za wilaya vilipo. Pale daktari, polisi na ustawi wa jamii wanafanya kazi pamoja. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayokwenda inapunguza nguvu yake, kwa hiyo kikao cha wazee hakiwezi kuja kabla ya hospitali. Kama uko mbali, au unaona muhali kuonekana unaingia kituoni, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga.