Kukana elektroni hakumfanyi mtu mcha Mungu

Kijiwe cha kahawa hapa Tabora kimenichosha. Kila nikitaja kwamba wapo wanafalsafa wasioona ulazima wa kuamini kuwa elektroni zipo, mzee mmoja hudakia: "Si unaona, mwalimu! Sayansi yenyewe haina uhakika, turudi kwenye dini." Kijana wa pembeni, asiye na dini, hunitazama kama msaliti. Wote wawili wanakosea, tena kosa lile lile.

Mjadala wa uhalisia unauliza hivi: nadharia ikifanya kazi vizuri, je, vitu visivyoonekana inavyovitaja vipo kweli? Mungu hayumo humo. Pierre Duhem, mwanafizikia Mfaransa, alikuwa Mkatoliki wa kushika dini, na kwake nadharia hupanga tu sheria za majaribio. Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, hakuwa mtu wa dini, naye akazikataa atomu. Galileo alimwamini Mungu, akashikilia kuwa dunia inazunguka kwelikweli. Haya, nipangieni hao kambi mbili!

Kinachoniudhi hasa ni mwanafalsafa Bas van Fraassen kulishwa maneno. Mwaka 1980 aliandika kwamba kuikubali nadharia ni kuamini kuwa inasema kweli kuhusu yanayoonekana kwa macho matupu. Yaliyobaki unaweza kuyatumia kila siku bila kuyaapia. Hakusema hayapo! Mfuasi wake akiambiwa maabara kwamba ana vimelea vya malaria, dawa atameza, na dozi atamaliza. Je, aliyetazama kwenye hadubini ameviona vimelea au hajaviona? Van Fraassen anasema hajaviona, na hapo mimi humwacha aende peke yake, ingawa mpaka wenyewe sijui niuchore wapi. Na mzee wangu, tukigoma kuamini kisichoonekana, malaika watapita mlango gani?

Kijana naye ana hoja ya mwanafalsafa Hilary Putnam: sayansi isingekuwa kweli, mafanikio yake yangekuwa muujiza. Nzuri. Lakini nadharia ya mwanga ya mwanafizikia Mfaransa Fresnel, iliyosimama juu ya etha, kitu kisichoonekana kilichodhaniwa kubeba mawimbi ya mwanga, ilitabiri nukta angavu katikati ya kivuli cha kisahani, na mwanafizikia mwenzake Arago akaiona. Etha leo iko wapi? Mwaka 1989 mwanafalsafa John Worrall alijibu kwamba kilichookoka ni muundo, ile milinganyo. Naegemea huko, kwa shingo upande. Maana nikijiuliza ni muundo wa nini, sina jibu, na vitabu vya kufundishia hapo hupita mbio.