Una mimba na njaa imekukamata mjini? Angalia moto, usiangalie kitambaa cha meza

Swali ninaloulizwa sana siku za kliniki ya wajawazito si la vidonge vya damu wala la ultrasaundi, ni la chapati. Musawo (yaani mtu wa afya), jana nilikula rolex (chapati iliyokunjwa na mayai ya kukaanga) pale stejini, mtoto hajaumia kweli? Na anayeuliza hivo unakuta hajalala usiku mzima, ameshika simu anasoma, na kila akisoma anaogopa zaidi maana simu inamwambia asile jibini laini, asile samaki mbichi, asile nyama baridi ya slesi, vitu ambavyo hapa Kampala ukivitafuta utazunguka mpaka miguu ivimbe. Orodha ile imeandikiwa mama wa London. Mama wa Kawempe anayeshuka kwenye taksi saa moja jioni tumbo linaunguruma haimsaidii kitu, haina habari na kikomando (chapati iliyokatwakatwa na maharage) wala kachumbari iliyokaa kwenye beseni tangu mchana.

Juzi juzi nilimpima mama mmoja, mimba ya miezi mitano, uzito umeshuka badala ya kupanda. Kumbe wiki kadhaa kazini anashindia biskuti na soda kwa sababu wenzake wa ofisini wamemwambia chakula cha nje kinatoa mimba. Huyo ndiye aliyenitia wasiwasi kuliko yule wa rolex. Na inanichekesha kidogo, inaniudhi pia, kwa sababu zamani huku Buganda wanawake walikatazwa kuku na mayai, tumehangaika kuyarudisha kwenye sahani zao, sasa intaneti inataka kuyaondoa tena.

Sisi watu wa lishe hatusemi woga wote ni wa bure, hapana. Ukiwa na mimba kinga ya mwili inapungua nguvu kidogo ili mwili usimkatae mtoto, na kuna wadudu wanaoitumia nafasi hiyo. Kuna bakteria anaitwa listeria, mjamzito yuko kwenye hatari ya kuugua naye karibu mara 10 kuliko mtu mwingine, na ubaya wake ni kwamba baridi ya friji haimsumbui, anaendelea kuzaana humo humo polepole. Mama anaweza kupata homa ndogo tu na maumivu ya mwili akadhani ni malaria, wakati mtoto tumboni ndiye anayeumia, mimba inaharibika au mtoto anazaliwa kabla ya wakati akiwa mgonjwa. Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini walipata mlipuko mkubwa sana wa listeria uliotoka kwenye poloni, ile soseji nene laini inayoliwa baridi, wagonjwa waliothibitishwa maabara walipita 1,000 na waliofariki walipita 200, na wengi kati ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga. Poloni ile ilitoka kiwandani, imefungwa vizuri na kuwekwa kwenye friji, haikuwa ya kando ya barabara.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Watu wengi wanapima usalama wa chakula kwa kuangalia mahali, wanaona hoteli yenye vitambaa vyeupe na bafe ndefu wanatulia, wanaona mama mwenye sigiri na sufuria nyeusi wanakimbia. Mdudu hajui bei. Anachojua ni joto na muda. Chakula kikiiva mpaka katikati kikafika nyuzi 70 hivi, wengi wa hao wadudu wanakufa, na kikiliwa hapo hapo kinachemka hawapati muda wa kurudi. Lakini kikikaa vuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60, wanazaana kwa fujo, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa 2. Sasa niambie, ile bafe iliyopangwa saa sita na wewe unafika saa tisa, kimshumaa chini ya treya kimeshazimika, na yule wa toninyira mukange (wauza chakula wa jioni kando ya barabara) anayekutolea mhogo kwenye mafuta yanayochemka unaona kwa macho yako, nani salama zaidi? Mimi ningekula kwa huyo wa pili, mchana kweupe, na koti langu la kazi nimevaa.

Tuchukue rolex yenyewe kwa vile ndiyo inayowakosesha usingizi. Mayai yakipigwa yakamwagwa kwenye kikaangio cha moto yakakauka pande zote mbili, hayo hayana neno, na chapati inaiva kwenye kikaangio hicho hicho. Tatizo liko kwenye vitu viwili watu hawavitazami. Moja ni nyanya, kabeji na kitunguu vinavyokatwa na kutupiwa juu vikiwa vibichi, hujui vimeoshwa na maji gani au kama vimeoshwa. Pili ni mkono uliopokea noti ya elfu mbili sasa hivi halafu unakunja chapati yako. Kwa hiyo mwambie kijana, ssebo (bwana), changanya mboga zote kwenye yai uzikaange pamoja, geuza mara mbili nataka yakauke kabisa, halafu funga na karatasi usishike. Wengi wanakubali bila maneno, hasa wakiona tumbo. Kikomando nacho ni kizuri sana kwa mjamzito, maharage yana protini na madini ya chuma, ila hakikisha maharage yanatoka kwenye sufuria iliyo motoni yanatokota, siyo yaliyochotwa kwenye ndoo yakamwagiwa supu ya moto juu yaonekane mapya. Katogo ya asubuhi (matoke yaliyopikwa pamoja na nyama au maharage) naipenda kuliko chakula chochote cha nje, imepikwa alfajiri, unaikuta saa moja au saa mbili bado inachemka, haijapata muda wa kuharibika.

Kachumbari ndiyo adui ninayepigana naye kila siku na ninashindwa, kwa sababu bila kachumbari watu wanaona muchomo (nyama choma) haujakamilika. Ni mbichi, imekatwa kwenye ubao ambao pengine ulikatiwa nyama dakika kumi zilizopita, imekaa kwenye joto, na hakuna moto utakaoipita kabla ya mdomo wako. Iache mpaka ujifungue, au kaitengeneze nyumbani na nyanya ulizoziosha mwenyewe na maji safi yanayotiririka. Nyama yenyewe ipasue katikati kabla hujaanza kutafuna, ukiona pinki au damu mrudishie aiweke tena kwenye makaa, usione haya, ni hela yako. Kuna kidudu kinaitwa toksoplasma kinakaa kwenye nyama isiyoiva na kwenye udongo waliochafua paka, mama hahisi chochote mara nyingi lakini kinaweza kumharibu mtoto macho na ubongo. Wanaokula nguruwe wawe wakali zaidi kwenye hili, nyama ya nguruwe inatakiwa iive mpaka kwenye mfupa, na uangalie asikatie iliyoiva kwenye gogo lile lile la mbichi.

Ukisafiri kwenda Jinja, basi likisimama Namawojjolo, au Lukaya kama unaelekea Masaka, vijana wanakuja mbio na kuku kwenye vijiti mpaka dirishani. Hujui yule kuku alichomwa saa ngapi, amezungushwa kwenye mabasi mangapi. Gonja (ndizi ya kuchoma) iliyotoka kwenye makaa sasa hivi ni bora, au shuka ukachukue kuku aliye juu ya moto na usubiri aive vizuri kama dereva ana subira, ambayo mara nyingi hana.

Sherehe ni habari nyingine. Kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), wapishi wanaanza usiku, luwombo (mchuzi ndani ya majani ya ndizi) zimefungwa na kupikwa alfajiri, halafu wasemaji wanaongea, zawadi zinahesabiwa, mnakuja kula saa kumi. Luwombo na matoke yakikaa kwenye mvuke wa moto muda wote yanavumilia. Pilau iliyopakuliwa mapema kwenye masinia haivumilii, kuna bakteria wa kwenye wali anatoa sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Nenda umekula kidogo nyumbani, ukifika omba wale wa jikoni wakupakulie kutoka kwenye sufuria, mjamzito hanyimwi na hakuna atakayekuita mroho. Huko Ankole kwenye kuhingira (sherehe ya kumuaga bibi harusi) kuna eshabwe, samli ya kupigwa na maji na chumvi bila kuwekwa motoni, najua ni heshima kuionja, lakini kama hujui maziwa yalitoka wapi na maji yalichemshwa au la, mwambie mama mkwe kwa upole daktari amekataza. Sisi tumezoea kusingiziwa.

Maziwa mabichi ni hatari kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kuna bakteria anaitwa brucella, anapatikana kwenye ng'ombe na mbuzi wetu hapa Uganda, anaingia kwa maziwa yasiyochemshwa, anaweza kuharibu mimba, na kugandisha maziwa yakawa bongo hakumuui kwa uhakika. Bongo iliyotengenezwa na maziwa yaliyochemshwa kwanza ni sawa, chai ya maziwa iliyochemka ni sawa kabisa, yale ya pakiti yaliyopitishwa kwenye joto kiwandani ni sawa.

Alafu vinywaji. Mtu anajihangaisha na nyama mpaka mwisho halafu anashushia na glasi ya juisi ya pasheni yenye barafu. Mwaka 2015 hapa hapa Kampala tulipata mlipuko wa taifodi, walioshukiwa kuugua walipita 10,000, na wachunguzi walipofuatilia waliukuta kwenye maji na vinywaji vilivyokuwa vinauzwa mitaani. Kabla ya hapo, kuanzia mwisho wa 2007, Kitgum kule kaskazini mwa Uganda ilipigwa na homa ya ini aina ya E, wagonjwa zaidi ya 10,000, watu wapatao 160 walifariki, na ugonjwa huo unaenea kwa maji yenye kinyesi na una ukatili wa ajabu kwa wajawazito, mama akiupata kwenye miezi mitatu ya mwisho hatari ya kufa inafika mmoja kati ya wanne au watano. Kwa hiyo maji yawe ya chupa iliyofungwa ukaifungua mwenyewe, au yaliyochemshwa ukabeba kwenye chupa yako, barafu kataa, juisi ya kukamua kunywa nyumbani. Bushera (kinywaji cha nafaka iliyochachuka) nayo uliza maji. Pombe sitaieleza sana, waragi, tonto, ajono, hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto, basi.

Samaki kula, tilapia na mukene (dagaa) ni vizuri, mukene akaangwe au apikwe aive, ile habari ya zebaki unayoisoma inahusu zaidi samaki wakubwa wa baharini kama papa. Binyebwa (mchuzi wa karanga) ukionja ukasikia uchungu acha hapo hapo, karanga zenye ukungu zina sumu inaitwa aflatoksini na kupika hakuitoi. Maini usile kila siku kwa sababu ya vitamini A nyingi. Udongo wa kutafuna, ule wanaouza sokoni umeokwa vizuri, una madini ya risasi (lead) ndani mara nyingine, na kama unautamani sana njoo tupime damu kwanza, mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma unaongea.

Baba watoto naye ana kazi hapa. Ukimletea mama chipsi na kuku kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) saa nne usiku baada ya kuzunguka nazo kwenye boda kutoka Wandegeya, umeleta upendo lakini umeleta na muda. Zinunue mwisho ukiwa karibu na nyumbani, waambie wasiweke kachumbari wala mayonezi, na kuku akifika apashwe mpaka atoe moshi, siyo kuguswa tu na moto.

Sasa wewe ambaye umeshakula jana na moyo unadunda. Kula mara moja kitu chenye shaka haimaanishi umeugua, wengi hawapati chochote, na hakuna sababu ya kujitapisha wala kunywa dawa ya kuzuia. Endelea kula na kunywa maji, jiangalie. Ukiharisha kidogo chukua ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, unywe polepole. Usisubiri nyumbani kama kuna homa, damu kwenye choo, kutapika kusikokata, macho kuwa ya njano, maumivu ya tumbo yanayokaza na kuachia, au mtoto amepunguza kucheza. Homa kwa mjamzito ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na ikiwa malaria haipo usifurahi ukarudi nyumbani, waambie ulikula nini hata kama ni wiki kadhaa nyuma, maana listeria anaweza kujificha muda mrefu kabla ya kujitokeza, na akigundulika mapema dawa ipo, inamlinda mtoto pia. Dukani usinunue vidonge vya taifodi kwa kukisia, sipro na doksi (ciprofloxacin na doxycycline) siyo dawa za mjamzito kujiandikia. Ukifika kituo cha afya sema una mimba ya miezi mingapi kabla hata hujasema unaumwa nini, kwa sababu dawa wataichagua kwa kuangalia hiyo.